Ganda la Ufunguo ni la Maelfu, Kilichomo Ndani ni cha Malaki

Popote wanapokaa wenye magari hapa Dar es Salaam, iwe mgahawani au kwenye kikao cha harusi, tazama funguo zilizolazwa mezani. Utaona rimoti iliyobanwa kwa rababendi. Utaona nyingine imezungushiwa selotepu mpaka alama za vitufe hazisomeki. Ipo ambayo mpira umechanika na mwenyewe anabonyeza kwa ncha ya kalamu, na ipo iliyokatika tundu la kuning'inizia, sasa inazagaa mkobani pamoja na sarafu. Gari lenyewe limeoshwa linang'aa, bima imelipwa, matairi mapya. Ufunguo ndio umesahaulika.

Naandika haya kwa sababu nimeona watu wengi mno wakilipia ufunguo mpya ilhali walichohitaji ni ganda tu, yaani ile plastiki ya nje. Ganda linahesabiwa kwa maelfu. Ufunguo mpya, pamoja na kuuchonga na kuusajili kwenye gari, unahesabiwa kwa malaki. Na wapo wanaokaa na ganda bovu mwaka baada ya mwaka, mpaka vumbi na maji vinaharibu kilichomo ndani, na hapo hata fundi mwenye roho nzuri hana la kufanya ila kutaja bei ya malaki.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Magari mengi ya mitaani kwetu, kina IST, Vitz, Premio, Harrier na Noah, yametumika Japani kwanza, na mengi hushuka bandarini na ufunguo mmoja. Kile kibati kidogo chenye namba ya ufunguo alichopewa mwenye gari wa kwanza mara nyingi kimebaki hukohuko. Kwa hiyo ufunguo ulioushika mkononi huenda ndio wa pekee uliobaki kwa gari hilo, na umeshikwa na mikono ya watu wengine miaka kumi au zaidi kabla haujafika kwako. Jasho na mafuta ya ngozi yamechosha mpira, jua la kwenye dashibodi limekausha plastiki. Zile rimoti zilizopakwa rangi laini, inayoshikika vizuri, huanza kunata. Rangi ile huwa ni ya poliyurethani, na joto likishirikiana na unyevunyevu wa hewa huivunja kikemia. Kwa hali ya hewa ya pwani usitarajie vingine. Ukifikia hapo huna haja ya kuhangaika kuiosha, rangi haitarudi.

Ili usiibiwe wala usijiharibie, elewa kwanza kwamba ndani ya ufunguo mmoja kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni chuma chenye meno, ambacho kinazungusha swichi na kufungua kitasa. Cha pili ni bodi ya rimoti yenye betri na swichi ndogo za vitufe. Hii inarusha mawimbi ya redio ya kufunga na kufungua milango. Magari ya soko la Japani mengi yanatumia megahezi 312 au 314, ya Ulaya 433.92, ya Marekani 315. Ndiyo maana bodi iliyotoka kwenye rimoti ya gari la Ulaya haitasikilizana na gari lako la Japani hata kama kwa macho zinafanana kabisa. Ukienda dukani nunua ganda tupu. Bodi yako unayo.

Cha tatu ni chipu, na hii ndiyo inayowaliza watu. Haina betri wala waya. Ni kipande kidogo, cheusi au cha kioo, chenye urefu wa sentimita moja na kidogo. Kuzunguka tundu la swichi ya gari kuna koili inayorusha nguvu ya masafa ya chini, kilohezi 125 au karibu na hapo. Chipu ikisogea pale inapata umeme kutoka kwenye koili hiyohiyo, inaamka, inajibu swali la gari. Jibu likiwa sahihi gari linaruhusu mafuta na moto. Likikosekana, stata itapiga lakini injini haitashika, au itashika na kuzima hapohapo. Uingereza magari mapya yalilazimishwa kuwa na kinga hii tangu Oktoba 1998, na nchi za Ulaya zilikwenda pamoja. Magari ya soko la Japani ya miaka ile, mengine yanayo na mengine hayana, hata yakiwa ya jina moja na umbo moja.

Utajuaje lako? Zima gari, chomoa ufunguo, tazama dashibodi. Kama kuna kitaa chekundu chenye alama ya ufunguo au gari kinachowaka na kuzima polepole, basi chipu ipo. Njia nyingine ni kukizungushia kichwa cha ufunguo karatasi ya aluminiamu ya jikoni, tabaka kadhaa, ukaacha chuma kikiwa wazi, kisha ujaribu kuwasha. Injini ikigoma kwa ufunguo uleule uliowasha asubuhi, jibu umelipata.

Sasa tazama mtu anavyoumia. Amekwenda mjini kwa daladala na ufunguo mfukoni, gari ameliacha nyumbani. Fundi wa haraka anahamisha bodi kwenye ganda jipya, anabonyeza, kitaa cha rimoti kinawaka, wote wanaridhika. Ganda la zamani linatupwa kwenye ndoo pamoja na maganda ya wateja wengine. Jioni mwenyewe anafungua milango vizuri kabisa, anaingia, anapiga stata, injini haiwaki. Chipu ilikuwa kwenye ganda la zamani. Kwenye funguo nyingi za Toyota za miaka ya 2000 chipu haikai kwenye bodi. Imezikwa ndani ya plastiki ya upande wa chuma, mahali ambapo asiyejua hawezi kudhani kuna kitu. Funguo za kukunja za Volkswagen nazo zina bodi upande mmoja na chipu upande mwingine, karibu na chuma, kwenye kijishimo chake.

Mama mdogo wangu ana Toyota yenye ufunguo wa vitufe viwili. Kichwa kilikuwa kimepasuka kutoka tundu la pete mpaka katikati, na tayari alishaambiwa na mtu kwamba dawa yake ni ufunguo mpya. Nikamwomba twende kwanza mtaa wa Gerezani hapa Dar, tena twende na gari lenyewe. Fundi tuliyempata alikuwa kijana mtulivu, ana meza yenye mashine ya kuchongea, taa ya kuvuta karibu na kitambaa cheupe alichokitandika kabla ya kugusa chochote. Kitambaa kile kilinipa imani. Parafujo za rimoti ni ndogo mno, zikianguka sakafuni umeshazikosa.

Alifungua parafujo moja ya nyuma, akainua kikasha cheusi chenye bodi na betri, akakiweka pembeni. Mama mdogo akadhani kazi imekwisha, akanyoosha mkono achukue lile ganda bovu alitupe.

"Mama, hilo liache kwanza," fundi akamwambia. "Roho ya gari bado imo humo."

Akalishika chini ya taa, akatuonyesha mahali ambapo plastiki ni nene kuliko kwingine. Akaanza kulikata kwa kiwembe kutoka pembeni, hakuanzia juu, tabaka jembamba baada ya tabaka, huku akilipuliza kila mara kuondoa vumbi. Hakutumia nguvu hata kidogo. Ilipotokea kona nyeusi ya kitu kisicho plastiki akaacha kiwembe, akachukua kibanio, akakilegeza taratibu mpaka kikatoka kizima. Mama mdogo akakisogelea. "Yaani hiki ndicho kinawasha gari?" Fundi akacheka. "Bila hicho mama, gari ni banda la kuku."

Kwenye ganda jipya palikuwa na kijishimo cha kukaa chipu. Aliiweka pale na tone la silikoni ili isicheze. Nilimuuliza kwa nini asitumie supaglu, akasema supaglu inakauka ngumu, na siku ganda hili nalo likichoka, atakayekuja kuitoa chipu ataivunja. Nilipenda jibu lile. Alikuwa anamfikiria fundi wa miaka mingi ijayo ambaye hamjui.

Ikabaki kazi ya chuma. Ganda la kukunja mara nyingi linakuruhusu kuhamisha chuma chako cha zamani: unasukuma nje pini ndogo inayokishikilia, unakitoa, unakipachika kwenye ganda jipya, unarudisha pini. Ukifungua la aina hiyo kumbuka kuna springi iliyojikunja ndani, ambayo huruka, hivyo weka kidole juu yake. Lakini ufunguo wa mama mdogo chuma chake kilikuwa kimeshikana na plastiki, kwa hiyo ilibidi kuchonga kipya. Mashine ya kunakili inafuata meno ya ufunguo unaoiga, pamoja na uchakavu wake wote. Meno yakilika, nakala inazaliwa ikiwa imelika, na mashine inaongeza kosa lake dogo juu yake. Ufunguo ule una meno pande zote mbili yanayofanana. Fundi aliupima upande huu na ule kwa kucha na kwa macho, akachagua upande usiolika sana, akatumia huo peke yake kuchonga pande zote mbili za kipya. Kisha akasafisha kingo kwa brashi ya waya ili vipande vya chuma visiingie kwenye swichi ya gari.

Gari likawaka mara ya kwanza. Hapakutumika kompyuta yoyote, na hili nalitilia mkazo. Kubadilisha ganda hakuhitaji programu. Bodi ni ileile, chipu ni ileile, gari halijui kwamba nguo zimebadilishwa. Fundi akikuambia baada ya kuweka ganda ni lazima achomeke mashine yake kwenye gari aliprogramu upya, muulize kwa nini, na kama hana jibu linaloeleweka chukua ufunguo wako uondoke. Mashine ileile inayosajili ufunguo wako inaweza kusajili na mwingine usioujua. Kaa karibu na meza, tazama mikono, usimwachie ufunguo ukaenda kunywa chai. Fundi mwaminifu hachukizwi na mteja anayetazama.

Sababu moja ya maganda kupasuka haizungumzwi kabisa, nayo ni betri. Namba iliyoandikwa kwenye betri ya kidonge ni vipimo vyake. CR2016 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 1.6. CR2032 ina kipenyo kilekile lakini unene ni milimita 3.2, yaani mara mbili. Zote ni za volti 3. Mtu akikosa ile nyembamba dukani analazimisha ile nene, anabana kwa kidole gumba mpaka ganda linalia, na kwa muda linafanya kazi. Lakini plastiki imewekwa kwenye mkazo usiku na mchana, vishikizo vya ndani vinakatika kimoja kimoja, mwisho rababendi inaingia kazini. Kinyume chake nacho kipo: nyembamba kwenye nafasi ya nene, pengo likajazwa karatasi ya sigara. Siku karatasi ikihama, inagusisha visivyotakiwa kugusana. Fungua rimoti yako, soma namba, nunua hiyohiyo.

Mpira wa vitufe uliochanika nao usiuchukulie kama suala la sura tu. Chini yake kuna swichi ndogo zilizolehemiwa kwenye bodi. Mpira unasambaza mkandamizo wa kidole. Kalamu au kucha inapiga sehemu moja, na lehemu inaachia. Kuna jambo jingine pia. Rimoti za kisasa hazirudii namba ileile. Kila ukibonyeza hesabu inasonga mbele, na gari linafuatilia hesabu hiyo ili mwizi aliyenasa mawimbi ya jana asiweze kuyatumia leo. Mojawapo ya mifumo hii iliyosambaa sana duniani, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na ikauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995. Jambo hilo lanipa fahari kila nikilikumbuka. Sasa kitufe kisicho na mpira mzuri kinajibonyeza chenyewe mkobani siku nzima. Betri inakwisha, na hesabu ya rimoti inakimbia mbele ya gari mpaka gari linaacha kuitambua. Mwenyewe anasema rimoti imekufa, kumbe mpira tu.

Na tundu la pete? Wengi tunaning'iniza humo funguo za nyumba, za geti, za ofisi, kifungulio kidogo cha soda na picha ya mtoto. Uzito wote unavuta kipande chembamba cha plastiki, na ukiendesha unavuta pia swichi ya gari. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita magari milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa, miongoni mwake Chevrolet Cobalt, kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu kiasi kwamba uzito wa funguo au mtikisiko wa barabara uliweza kuizima injini gari likiwa kwenye mwendo, na mifuko ya hewa isifunguke wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Wenye magari waliambiwa waondoe kila kitu kwenye pete wabakize ufunguo wa gari peke yake. Katika wito mwingine wa mwaka huohuo, uliogusa magari zaidi ya milioni 3, tiba ilikuwa kwenye kichwa cha ufunguo chenyewe: tundu refu lilizibwa likabakizwa tundu dogo la duara, ili pete isihamehame na kuuvuta ufunguo. Ule mkasa ulitokana na swichi mbovu na sidai kwamba kila gari lina hatari hiyo, lakini tangu nilipousoma ufunguo wangu unatembea peke yake na za nyumba zina pete yao.

Katika kuchagua ganda, maganda ya dukani hayalingani hata kidogo. Liombe ufungue kabla ya kulipa, na uwe na ufunguo wako mkononi. Linganisha idadi ya vitufe na mahali vilipo, umbo la chuma, upana wa kijia kilichochongwa katikati ya chuma. Hakikisha kijishimo cha chipu kipo. Lifunge likiwa tupu, pitisha kucha kwenye mstari wa kuungania. Kucha ikikwama, vumbi nalo litapita. Bodi ikae bila kulazimishwa, na vitufe vibonyee na kurudi. Maganda mengi huja bila nembo. Kama ya kwako bado inashika, ing'oe kwa kadi ya zamani ya plastiki uihamishe. Na useme wazi kwamba unataka la kubadilisha, maana utapewa kava la mpira la kuvalisha juu. Kava hilo ni zuri kwa ganda zima. Juu ya ganda lililopasuka linaficha tatizo na kutunza unyevu ndani.

Wanaotaka kugeuza ufunguo wao wa kawaida kuwa wa kukunja wanaweza, ila chipu iwekwe upande wa chuma, karibu kabisa na pale chuma kinapotokea. Ikisogezwa mbali na koili gari litawaka leo na kugoma kesho. Rimoti za magari yanayowashwa kwa kitufe ndizo rahisi zaidi, kwani kila kitu kiko kwenye bodi moja na kuna chuma kidogo cha dharura kinachochomoka. Betri yake ikifa barabarani, kwenye Toyota gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, kisha bonyeza.

Ukilifanya zoezi hili nyumbani, bodi ikiwa nje isafishe. Ule ukungu wa kijani kwenye bati za betri unatoka kwa kifutio cha penseli na pamba yenye spiriti kidogo. Acha ikauke kabla ya kufunga.

Lakini kuna sababu ya kubadilisha ganda bovu ambayo kwangu inazidi fedha zote. Ganda lililoachia linaangusha betri, na betri ile ni kitu kinachong'aa, laini, saizi ya mdomo wa mtoto. Betri ya kidonge ya lithiamu ikikwama kwenye koo la mtoto, umeme wake ukikutana na majimaji ya mwili unaunguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Mtoto anaweza asilie wala asionyeshe chochote mwanzoni. Ukishuku amemeza, mpeleke hospitali hapohapo, usimtapishe, usisubiri uone itatoka. Watoto wetu wanapenda kuchezea funguo za gari, na sisi huwapa tukitaka wanyamaze. Usimpe mtoto ufunguo wenye rababendi.

Baada ya kubadilisha, jaribu kila kitu palepale kabla hujaondoka kwa fundi: teremsha kioo cha dereva kwanza usije ukajifungia nje, funga na kufungua kwa rimoti ukiwa mbali kidogo, fungua mlango kwa chuma, kisha washa injini, izime, uiwashe tena. Kama una nafasi kifedha, huo ndio wakati wa kutengeneza ufunguo wa pili, maana kumsajilisha mwenzake huku wa kwanza unafanya kazi ni kazi nyepesi kuliko kuanza na mikono mitupu. Ganda la zamani likae nawe mpaka gari limelala na kuamka vizuri. Betri ya zamani ibandike selotepu pande zote mbili, iweke mahali ambapo mtoto hafiki mpaka utakapoitupa.